Toyota nayo inaharibika. Kwa nini basi hatuiachi?

#1 Mpiga Debe wa Tegeta
Wakuu salaam. Nataka tujadili jambo hili bila ushabiki.

Mtu akiuliza humu anunue gari gani, hata majibu hayajafika kumi ameshaambiwa "chukua Toyota, nyingine zote pasua kichwa". Ukihoji sababu, unaambiwa hazisumbui.

Mimi nakataa. Injini ya 2AZ iliyomo kwenye Harrier tako la nyani 2.4 na RAV4 za kipindi kile inajulikana kwa bolti za silinda hedi kung'oka nyuzi. Noah za AZR60 zimekuja na D4, ile injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kila fundi mjini hapa ana stori ya D4. Crown zenye injini ya 4GR zinajaza masizi. Haya mambo hayajafichwa, mafundi wa dunia nzima wanayajua.

Lakini mtu akipigwa na Toyota anaiuza, ananunua Toyota nyingine. Akipigwa na kampuni nyingine, anaapa hatarudi na ukoo mzima anauapisha. Kosa la mmoja linasamehewa, la mwingine halisamehewi.

Hoja yangu: kinachotufunga hapa ni spea, fundi na soko la kuuzia. Uimara ni sababu tunayoitaja kwa sababu inapendeza mdomoni. Nipingeni.

#2 Namba C
Nakupinga mapema kabisa mkuu. Nina IST 1.3, nimeichukua mkononi kwa mtu ikiwa imeshatembea, na Krismasi zote naenda nayo Songea na familia. Oili, plagi, bushi za mbele, basi. Kilichobaki ni mkanda wa taimingi, nasikia nao una kikomo chake. Gari ya hivyo utaiachaje? Unaongelea spea, mimi hata duka la spea silijui vizuri.

#3 Spana 14
@Namba C usije ukamlipa mtu hela ya mkanda. IST yako ina 2NZ, ile ya 1.5 ina 1NZ, na zote zinatumia cheni. Fundi akikwambia anabadilisha mkanda wa taimingi hapo, mwambie akuonyeshe ulipo. Mkanda ulio nje ni wa alteneta.

Sasa kwa mleta uzi. Nafanya kazi hii kila siku na naona tofauti moja ambayo watu hawaisemi. Kuna gari kutoharibika, na kuna gari kuvumilia uzembe. Wateja wetu wengi wanajaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti. Oili wanaongeza, hawabadilishi. Gia boksi hawaijui mpaka ianze kuchelewa kushika.

IST ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, inatumia mafuta ya T-IV. Ukiichelewesha italalamika muda mrefu kabla haijafa. Sasa chukua X-Trail T31 yenye CVT. Inataka mafuta yake, NS-2. Fundi wa kona anamimina ATF, mafuta ya gia boksi za kawaida, yoyote nyekundu iliyopo dukani. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na mafuta yale ndiyo yanayofanya usiteleze. Ukikosea mafuta, chuma kinakwaruza chuma. Baada ya muda gari inavuma haipandi mlima, na jina linaloharibika mtaani ni la Nissan. Aliyemimina hatajwi.

Kwa hiyo mimi nasema watu wanang'ang'ania gari inayosamehe. Usijumlishe hiyo na spea, ni kitu tofauti.

#4 Kiboko ya Mkopo
#3 nakazia. Umemaliza kila kitu.

#5 Mama wa Goba
Hajamaliza. Kuna hesabu ambayo nyie wanaume mnaipita juu juu kwa sababu mnapenda kuongelea injini.

Mimi nilinunua Vitz kwa hela ya mchezo. Mwanangu alipofaulu kwenda chuo nikaitangaza, haikumaliza wiki, na bei niliyoipata haikuwa mbali na niliyonunulia. Kwangu ile gari ilikuwa akiba inayotembea. Mdogo wangu alinunua gari ya kampuni nyingine, nzuri kuliko yangu, viti vya ngozi, haijawahi kumlaza njiani hata siku moja. Alipopata shida ilikaa barazani kwa muda mrefu, kila anayekuja anaisifia halafu anataka kuichukua kwa bei ya kutupa.

Gari ya mdogo wangu haikuwa na tatizo lolote. Lakini leo ukimuuliza anataka gari gani, anasema Toyota. Mnielezee hapo uimara umeingiaje.

#6 Mpiga Debe wa Tegeta
@Mama wa Goba dada yangu hapo umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. @Spana 14 hoja yako naiheshimu, lakini hiyo 2AZ haikusamehe mtu. Ilikuwaje haikuvunja imani?

#7 Spana 14
Kwanza niieleze, maana watu wanaitaja bila kuijua. Bloku ya 2AZ ni aluminiamu. Nyuzi zinazoshika bolti za hedi, hasa za upande wa nyuma kuelekea kwa dereva, zinachoka na kutoka pamoja na bolti. Hedi inalegea kidogo tu, kulanti inavuja nyuma ya injini mahali usipopaona kirahisi. Mtu anaongeza maji kila wiki, hajui yanakokwenda. Siku inachemsha, fundi anabadilisha gasketi, anafunga bolti kwenye nyuzi zilezile zilizokufa, na baada ya muda mfupi inarudi.

Dawa yake ni kutoboa zile tundu na kuweka nyuzi mpya za chuma. Ikifanywa vizuri gari inatembea. Na hilo ndilo jibu lako: ugonjwa unajulikana, dawa yake inajulikana, mwenye kifaa yupo mtaa wa pili. Mteja analipa, anaendelea na maisha. Mteja anakimbia ugonjwa ambao hakuna anayeujua.

#8 Buda wa Ngong Road
Habari zenu majirani. Mnazungumza kana kwamba mtu hupenda gari kwa sababu haimsumbui. Njooni Nairobi muone wenye Subaru.

Injini za EJ zina historia ya gasketi ya hedi, na hiyo si siri. Za tabo ukizichelewesha oili zinakuadhibu. Mwenye Forester anajua haya yote, anayasema mwenyewe bila kuulizwa, na akiuza Forester ananunua Forester nyingine ama Outback. Wanakutana wikendi, wanasafiri pamoja, wanaitana kwenye magrupu mmoja akikwama barabarani. Huko hakuna hesabu ya spea wala ya soko. Ni vile gari inashika barabara, na watu unaokuwa nao ukiwa nayo.

Na si Kenya tu. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power walipoanza kupima Marekani mwaka 2019 ni wenye gari wangapi wanabadilisha na kuchukua kampuni ileile, kwenye kundi la gari za kawaida Subaru iliongoza kwa asilimia 61.5. Toyota ilifuata na 59.5.

#9 Kiboko ya Mkopo
@Buda wa Ngong Road majirani zetu nyie na Subaru tuwaache tu. Ule mlio wa eksozi saa nane za usiku ndio mapenzi yenyewe? 😂

#10 Buda wa Ngong Road
😂 Wewe endelea na beibi woka yako.

#11 Dereva wa Wizara
Vijana, nimewasoma tangu juu. Wengi humu hamkuwepo wakati barabara za nchi hii zilikuwa za Land Rover. Serikali, mashirika, mapadri, wote Land Rover. Fundi wa wilayani alikuwa anaifungua akiwa amefumba macho. Spea zilikuwepo. Kwa hoja ya mleta uzi, Land Rover isingeondoka kamwe.

Iliondoka. Land Cruiser ilianza kidogo kidogo, na madereva ndio tuliokuwa tunapeleka habari. Unatoka Dodoma kwenda Kigoma kipindi cha mvua, unataka gari itakayofika. Akaunti ya wizara haikuwa inajua tofauti, lakini dereva anajua nani kalala porini na nani kafika. Series 70 ilipoingia, tangu 1984, na baadaye ile injini ya 1HZ, 4.2 dizeli, silinda sita, haina tabo, haina mambo ya kompyuta, mjadala ukaisha. Ile injini ina cheni, haina cha kukatika.

Kwa hiyo uimara ulitangulia. Spea na mafundi walifuata kwa sababu gari zilikuwa nyingi, na zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa zinafika. Mnaanzia hadithi katikati.

#12 Spana 14
Shikamoo mzee. Marekebisho madogo kwa faida ya wanaosoma: 1HZ ina mkanda wa taimingi, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, huwaka ukifika muda. Kuna watu wanachomoa ile taa ili wauze gari. Mnaonunua za mnada, washeni switchi kabla ya kupiga stata mwangalie kama taa hiyo inawaka na nyingine. Kama haiwaki, jiulizeni.

#13 Dereva wa Wizara
Marahaba. Taa hiyo naikumbuka vizuri. Hoja yangu ya nani alitangulia iko palepale.

#14 Chuga Moja
Mzee wangu #11, Land Rover haijaondoka mioyoni. 2024 hapa Arusha tulifanya tamasha la Land Rover, zikaja msururu kutoka kila kona, nyingine zimezidi umri wa wenye nazo. Mwenye 110 haambiwi kitu. Sasa kama kuharibika kunaua mapenzi, wale watu walitoka wapi?

#15 Dereva wa Wizara
@Chuga Moja mwanangu, niambie wangapi kati yao walikwenda nayo kazini Jumatatu.

#16 Mswahili wa Houston
Salaam kutoka Texas. Naongeza upande ambao naona mmeusahau: kampuni inafanya nini gari ikishaharibika.

Hyundai walipoingia huku miaka ya 80 walikuwa na bei rahisi na jina baya, watu walikuwa wanawacheka. Mwishoni mwa miaka ya 90 wakaja na warranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia boksi. Hakuna aliyekuwa anatoa kitu kama hicho kwenye gari za kawaida. Hapo gari zenyewe zilikuwa bado hazijabadilika sana, lakini mteja alijua mzigo hautamwangukia yeye. Watu walirudi. Kisha gari nazo zikawa bora. Baadaye wakapata msala wa injini za Theta II, wakazirudisha kwa wingi, na bado wanauza.

Na wanaosema Toyota haina doa, someni habari za 2009 na 2010. Walirudisha mamilioni ya gari kwa ajili ya pedali ya mafuta kukwama na mazulia kuingia chini ya pedali. Akio Toyoda mwenyewe, mjukuu wa mwanzilishi, alienda kuhojiwa na Bunge la Marekani Februari 2010. 2014 wakalipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kumaliza kesi ya jinai kwa sababu walipotosha watu kuhusu tatizo hilo. Kampuni nyingine ingezama. Hiyo ya Toyota, 2012 ilikuwa imesharudi namba moja duniani kwa mauzo.

#17 Namba C
#16 hiyo warranti huku inatusaidia nini kaka? Mimi gari yangu ilishamaliza warranti nikiwa sekondari.

#18 Bint Malindi (Maskati)
Assalamu alaykum. Mie Mzanzibari, naishi Maskati. Nimeisoma hoja ya mwanzo nikaona ina upungufu. Hapa Omani watu wengi wananunua gari mpya kwa ejenti, sivis inafanywa huko huko, spea zipo za kila kampuni, na hakuna fundi wa chini ya mwembe. Kwa hoja yenu ya spea na mafundi, hapa watu wangetawanyika kwenye kampuni mbalimbali. Wallahi ukienda jangwani au milimani utaona Land Cruiser na Hilux tu, na Patrol kidogo. Baba mkwe wangu akibadilisha Land Cruiser anachukua Land Cruiser, hata hiyo nyingine haendi kuitazama.

Nikimuuliza hataji injini. Anasema joto la mwezi wa saba halina masihara, na ukikwama mchangani na watoto hutaki kuwa mtu wa kwanza kujaribu kitu kipya. Mie naiona ni khofu, na khofu hiyo ina haki yake.

#19 Mpiga Debe wa Tegeta
Dada wa Maskati umenipa kazi. Naomba nibaki na dai langu kwa Tanzania bara, kwa huko nakubali kuna kitu kingine.

#20 Takwimu Kwanza
Naona kila mtu analeta gari yake. Shida ni kwamba sampuli yetu imechujwa mara mbili.

Kwanza, gari tunazopata zimetoka Japani zikiwa zimekaguliwa kwa sheria. Gari binafsi mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama inayofanya wengi wauze gari ikiwa bado nzima. Sisi tunapokea gari iliyotunzwa na watu wenye nidhamu, tunampa sifa aliyeitengeneza. Aliyeitunza hatumjui.

Pili, Toyota za zamani mnazoziona barabarani ni zile zilizopona. Zilizokufa ziko nyuma ya gereji zimetolewa milango. Zilikuja nyingi, kwa hiyo zilizopona nazo ni nyingi. Kampuni iliyoleta gari chache, hata zikipona kwa kiwango kilekile, utaona tatu mji mzima.

Ukitaka kupima uimara kweli unahitaji idadi ya zilizoingia, zilizokufa, na zimekufa zikiwa na kilomita ngapi. Na hizo kilomita, wengi wetu tunajua zinavyorudishwa nyuma.

#21 Mama wa Goba
@Takwimu Kwanza mwanangu, mnunuzi hanunui kwa takwimu. Ananunua kwa jirani.

#22 Mgosi wa Korogwe
Mimi nina kisa changu, kampuni sitaitaja maana sitaki kesi. Gari ya Ulaya, safi, imetulia barabarani mpaka unasahau kama uko mwendo mkubwa. Siku moja ikagoma kuwaka. Fundi wa kwanza akasema betri. Wa pili akasema pampu ya mafuta, tukabadilisha. Wa tatu akaja na mashine ya kupimia, ikasoma makosa mengi kuliko alivyoweza kuyaeleza. Kila mmoja analipwa. Mwishowe alikuja kijana mmoja, akavua zulia upande wa abiria, chini yake kuna maji. Mfereji wa kutolea maji ya mvua chini ya kioo cha mbele ulikuwa umeziba kwa majani, maji yakaingia ndani na kulowesha kisanduku cha umeme.

Majani tu! Hakuna kilichokuwa kimeharibika kiwandani. Lakini sijarudi kwenye kampuni ile na sirudi. Sasa wenye takwimu mniweke kundi gani?

#23 Spana 14
#22 pole sana. Uwekwe kundi la waliokosa fundi. Ndiyo maana nasema kampuni nyingi zinahukumiwa kwa makosa yetu sisi mafundi. Na mkuu, hata kwenye Toyota usafishe ile mifereji chini ya waipa.

#24 Airbegi
Naomba niseme jambo zito kidogo. Imani hii inaweza kuua mtu. Airbegi za kampuni ya Takata zilirudishwa duniani kote, ni urudishaji mkubwa kuliko wote katika historia ya gari, na Takata ilifilisika 2017. Kemikali ya kulipulia begi inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ya ajali kile kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande usoni kwa dereva. Corolla na Vitz za miaka fulani zimo, na Honda zimo nyingi sana. Sisi tunaishi kwenye joto na unyevu uleule, na gari ni za umri uleule.

Nani humu amewahi kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni huko Japani kuangalia kama gari yake ilitengenezwa hilo tatizo kabla haijapandishwa meli? Ukiamini "Toyota haina shida" hutaangalia. Desemba 2023 Daihatsu walikiri udanganyifu kwenye vipimo vya usalama, aina 64 za gari, nyingine zikiwa na nembo ya Toyota. Mjini hapa Passo hazikushuka hata shilingi.

#25 Kiboko ya Mkopo
Passo na Daihatsu zinahusiana nini tena?

#26 Airbegi
@Kiboko ya Mkopo Passo ilikuwa inatengenezwa na Daihatsu. Pacha wake anaitwa Boon. Daihatsu yenyewe tangu 2016 ni mali ya Toyota kwa asilimia 100. Passo haikuwa hoja yangu ya msingi, angalia chasisi yako.

#27 Namba C
Asante #24, nimeshaandika namba yangu ya chasisi, nitaangalia leo. Hili hakuna aliyewahi kuniambia wakati nanunua.

#28 Muuza Spea Gerezani
Mnasema spea za Toyota zipo kila mahali. Zipo, ila mjue feki nazo zipo kila mahali kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayetengeneza feki anaangalia soko lilipo. Shokapu ya IST utaletewa ya bei tatu tofauti, na boksi zinafanana. Kuna wateja wanaamua kuchukua iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya wasiyoijua, na siwalaumu. Kwa hiyo hata hiyo hoja ya spea ina upande wake wa pili. Spea feki ikifa, mteja anarudi kwangu kugomba. Toyota hailaumu hata kidogo.

#29 Takwimu Kwanza
#28 hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Likitokea tatizo kwa Toyota analaumiwa muuza spea. Likitokea kwa gari nyingine analaumiwa mtengenezaji. Imani ikishakaa, kila ushahidi unasomwa kwa upande wake.

#30 Mswahili wa Houston
Kwa Akio na Bunge ilikuwa hivyohivyo. Wateja wengi waliokuwa na Camry iliyokwenda miaka kumi bila shida waliona kelele za magazeti hazifanani na gari iliyopo uani kwao.

#31 Dereva wa Wizara
Basi #30 umerudi kwangu. Ile Camry ilikwenda miaka kumi. Uimara ulitangulia.

#32 Buda wa Ngong Road
Wazee, hii hesabu itabadilika. Sisi Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo zinazokuja sasa ni Aqua, Axio na Fielder za haibridi kwa wingi. Injini hazina tena ule urahisi anaousema Spana 14. Betri ikifa, fundi wa kona haigusi. Tutaona kama mtu atasema "ni Toyota" na kutoa pesa ya betri.

#33 Spana 14
@Buda wa Ngong Road nimeanza kuzipokea. Betri ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, ina feni yake inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni chini ya siti. Watu wanaweka begi au mfuko wa mkaa mbele ya tundu hilo, vumbi na nywele za zulia zinajaza feni, betri inapikika kwa joto. Nyingi zinazoletwa zimekufa, ukifungua feni unakuta imevaa vumbi kama koti. Mwenye Aqua asiweke kitu hapo, na feni isafishwe kila sivis.

#34 Kiboko ya Mkopo
Kwa hiyo mkuu, Aqua ninunue au nisinunue?

#35 Mama wa Goba
Muulize anayekuja kuinunua kwako baadaye.

#36 Spana 14
Nunua, ila kabla ya kulipa nipigie tuipime seli za betri. Na usinunue mwezi wa masika kwa mtu asiyekuruhusu kuinua zulia.